Kubadilisha malkia kwenye mizinga ya Chanika: shajara ya mradi, Juni hadi Oktoba 2025

Mradi uko hivi. Nina mizinga Chanika, hapa Dar, chini ya mikorosho na miembe, na mingine michache nimeiweka Kigamboni, kule mbele kuelekea Kimbiji. Nyuki wa Kigamboni wanashikika, yaani unapuliza moshi kidogo unafungua, unatoa sega unaliangalia unarudisha, wanakusindikiza hatua chache halafu wanarudi kwao. Wa Chanika sasa, ukigusa tu mfuniko wanamwagika wote, wanakufuata mpaka barabara ya vumbi, na pembeni pale kuna kinjia watoto wanapita alasiri wakienda madrasa. Asali wanatoa na ni nzuri sana, ila sina amani nikijua iko siku mtoto wa mtu atapita wakati mbaya.

Ushauri niliopewa ni mwingi, wengine wanasema hamisha mizinga, wengine wanasema choma tu uanze upya, na hilo la kuchoma sitaki hata kulisikia, yaani nyuki wanaochavusha mikorosho ya nusu ya mtaa uwawashe moto kisa tabia ambayo inarekebishika? Na inarekebishika kwa sababu ndani ya mzinga vibarua wote, yaani wale nyuki wafanyakazi, ni watoto wa mama mmoja, ukali wao sehemu kubwa wameurithi kwake na kwa madume aliopandana nao angani. Kibarua msimu wa kazi anaishi kama wiki 6, mara nyingi hata hafiki. Kwa hiyo ukimtoa malkia wa ukoo mkali ukaweka wa ukoo mpole, na akakubaliwa, baada ya miezi miwili hivi mzinga ni uleule, masega yaleyale, ila nyuki waliomo ni wengine kabisa.

Kazi yote iko kwenye kukubaliwa. Malkia mgeni ukimrusha tu ndani wanamuua, tena haraka.

Mtu akitaka kuona malkia ana nguvu kiasi gani aangalie Brazil. Mwaka 1956 mtaalamu wa huko, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na kutoka kwetu, enzi hizo Tanganyika, akawapeleka kwa ajili ya utafiti, mwaka 1957 baadhi ya makundi yakatoroka, wakachanganyika na nyuki wa kizungu waliokuwepo, wakasambaa nchi baada ya nchi mpaka mwaka 1990 wakaingia Texas. Damu ya malkia wachache imebadilisha nyuki wa karibu bara zima. Ndio maana pia sina hamu kabisa ya malkia wa kuagiza nje. Nyuki wetu wa pwani, kitaalamu Apis mellifera litorea, wamezoea joto hili na unyevu huu na maua haya, upole nautafuta humuhumu ndani yao.

JUNI: KUPATA MALKIA WENYEWE

Malkia wa kununua huku kwetu sio kama kununua vifaranga, hamna duka, kwa hiyo nazalisha mwenyewe. Mama niliyemchagua ni wa mzinga mmoja Kigamboni ambao nimeufuatilia muda mrefu, wapole, wanatulia kwenye sega, hawahami ovyo na wakati wa njaa wanabaki na akiba. Hili la kutohama kwangu lina uzito kama upole wenyewe, maana nyuki wetu wakikosa chakula au wakisumbuliwa sana wanafunga safari, unakuta mzinga mtupu na masega yanaliwa na viwavi wa nondo.

Njia niliyotumia ni rahisi. Nachukua sega jipya lenye mayai na majana machanga, yaani watoto wa nyuki ambao bado wako kama funza, kutoka kwa yule mama, nakata ukingo wa chini kwa zigizaga ili majana ya umri wa siku moja yawe pembeni kabisa, halafu naliweka kwenye kundi lililotolewa malkia wake. Wakishajua hawana mama wanachagua majana pale ukingoni, wanayamwagia maziwa ya nyuki, na kujenga vyumba vya malkia vinavyoning'inia kichwa chini, urefu kama sentimita 2 na nusu, vina vishimovishimo nje. Yai la malkia na yai la kibarua ni moja, tofauti ni chakula na chumba. Kibarua anahitaji kama siku 20 kutoka yai mpaka kutoka, malkia siku 15 au 16 tu tayari ameshatoka. Kwa hiyo hesabu lazima uishike, ukichelewa wa kwanza kutoka anapita kwenye vyumba vya wenzake anavitoboa na kuwachoma wote mmojammoja.

Siku ya 9 tangu niweke sega nilivikata vyumba kwa kisu chembamba chenye moto kidogo, kila kimoja na kipande chake cha nta juu, nikavigawa kwenye vimzinga vidogo vyenye nyuki wachache. Huwezi kuvitikisa wala kuvilaza, aliyeko ndani bado anaumbika na mbawa zinaharibika. Nilivishika wima muda wote.

Baada ya hapo ni kusubiri. Malkia bikira anakaa siku 5 mpaka 7 hivi anakomaa, halafu anaruka kwenda kupandana na madume, anaweza kupandana na 10 hadi 20 angani kwa safari moja au zaidi, mbegu anaziweka kwenye kifuko chake na anazitumia maisha yake yote. Haendi tena. Juni mwishoni pale Kimbiji upepo wa kusi ulikuwa mkali, nyuki wenyewe walikuwa wanatoka kwa kuvizia, ila palipotulia walienda, na wengi walirudi. Ambao hawakurudi, ndege au upepo, hamna la kufanya.

Siafu na majimoto ndio waliokuwa wananinyima usingizi. Kamzinga kadogo hakana jeshi la kujilinda, majimoto wakipata njia wanamaliza kila kitu kwa usiku mmoja. Kila mguu wa meza nimeuweka ndani ya kopo lenye oili chafu, na majani yote yanayogusa nimekata. Jani moja tu la mkorosho likigusa mfuniko tayari ni daraja.

JULAI, MWANZONI: VIZIMBA NA CHAKULA CHA MLANGONI

Kizimba cha kumwekea malkia nimetengeneza kwa rola za nywele, zile za plastiki za saluni, Kariakoo zinauzwa bei ya kutupa. Nje nazungushia wavu wa chuma wa dirishani ili vibarua waweze kupitisha ulimi wamlishe lakini wasifike kumng'ata miguu. Upande mmoja nafunga kwa kizibo cha mti, upande wa pili naingiza kipande cha bomba dogo nilichokijaza sukari iliyokandwa na asali. Maana ya hiyo sukari ni muda. Vibarua wa ndani wanaila taratibu kutokea nje, siku 2, 3, wakati mwingine zaidi, na muda wote huo harufu ya malkia inaenea kwenye mzinga, wanazoeana, siku wanapofika mwisho wa sukari mlango umefunguka wenyewe bila wewe kushtua mtu.

Kwenye hiyo sukari nitakaa kidogo maana hapa Dar inasumbua. Hewa yetu ina maji. Sukari laini ikiachwa wazi inavuta unyevu, usiku inalainika, inachuruzika ndani ya kizimba na kumpaka malkia, malkia aliyenata hapumui vizuri na anakufa. Nasaga sukari ya kawaida kwenye blenda mpaka inakuwa unga mwororo, naweka asali kidogokidogo nakanda mpaka inakuwa ngumu, ukibonyeza kwa kidole alama inabaki, halafu naacha kidonge kwenye sahani usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimetanuka naongeza sukari nakanda tena. Aisingi shuga ya dukani siitumii maana nyingi ina wanga wa mahindi ndani na wanga nyuki hauwafai tumboni. Na asali ni ya mizinga yangu tu, asali ya kununua inaweza kuja na vimelea vya kuozesha majana, utakuwa umeingiza ugonjwa kwa mkono wako.

Malkia waliokwisha kutaga niliwatia alama mgongoni kwa rangi ya kucha. Kuna utaratibu wa rangi unaofuatwa dunia nzima, mwaka unaoishia na 1 au 6 nyeupe, 2 au 7 njano, 3 au 8 nyekundu, 4 au 9 kijani, 5 au 0 bluu, kwa hiyo wa mwaka huu wote ni bluu. Tone dogo sana, katikati ya mgongo, lisiguse mbawa wala shingo, unamshikilia mpaka likauke.

JULAI, KATIKATI: SAFARI

Kutoka Kimbiji mpaka Chanika na malkia mfukoni. Vizimba nimeviweka mfuko wa shati wa ndani, kila kimoja na vibarua wachache wa kumlisha njiani, joto la mwili linawatosha. Kituoni Kigamboni nilijitenga na dada mmoja aliyekuwa anajipulizia manukato, kwenye pantoni nikasimama upande wa upepo safi, na kwenye daladala ya Gongo la Mboto nikakataa siti ya dirishani penye jua. Dawa ya mbu, manukato makali, jua la kioo, vyote vinaua. Konda akaniuliza mbona umejikumbatia, una kifua? Nikamwambia nimebeba malkia wa nyuki, akacheka akadhani namtania, nikamwonyesha. Akaita na dereva. Abiria karibu wote wa mbele walitaka kuona, na mama mmoja akauliza swali zuri sana, huyu akifa njiani wale wa kule watajuaje? Nikamwambia wale wa kule hawamjui bado, mama, ndio kazi tunayoenda kuifanya.

Kufika tu niliwatoa vibarua wote wa safari, malkia akabaki peke yake kizimbani. Wale wana harufu ya mzinga wa kwao, wakibaki wenyeji wanapata sababu ya kugombana na kizimba.

Mzee wa shamba la jirani alikuja kuangalia. Shikamoo mzee, marahaba, habari za nyumbani, tukamaliza salamu akasema, "Kwa hiyo kijana unawaletea mama wa kambo." Nikamwambia ndio hasa. Akasema, "Basi usimlete mama wa kambo wakati mama yupo jikoni." Mzee huyu hajawahi kufungua mzinga wa viunza, yaani zile mbao za kutoa na kurudisha ambazo nyuki wanajengea masega, maisha yake, ila kwa maneno hayo amesema karibu kila kitu ambacho mradi huu umenifundisha.

JULAI, KATIKATI HADI MWISHO: KUMTAFUTA MALKIA WA ZAMANI

Huwezi kuingiza mpya wakati wa zamani yupo. Na malkia wa hawa nyuki wetu hatulii, ukitoa sega wanakimbia wote wananing'inia kwenye kona ya chini wanadondoka na yeye yumo humo katikati. Nilikuwa nafanya kazi jioni jua likishapungua makali, nyuki hawana hasira kama za saa saba mchana, na watoto wameshapita. Ukisikia harufu ya ndizi mbivu na hamna ndizi hapo, ujue wameshaanza kuchoma, hiyo ndiyo harufu ya kengele yao, inaita wenzao. Unapuliza moshi pale palipochomwa, harufu ifunikwe, unaendelea.

Mzinga wa mwembe nilimpata kwenye sega la pili. Mzinga wa njiani, ule mkali kuliko yote, hapakuwa na namna ya kumwona kwa macho, nikatumia wavu wa kuzuia malkia, ule ambao kibarua anapenya na malkia hapenyi. Unakung'uta nyuki wote kwenye sanduku tupu, majana unayaweka upande wa pili wa wavu, vibarua wanapita wenyewe kufuata majana yao, mwisho kwenye sanduku wanabaki madume na yeye. Alikuwa mweusi, mwembamba, mwepesi vibaya mno. Malkia wa zamani siwatupi ovyo, nampeleka kwenye spiriti, ile spiriti baadaye inafaa kuvutia makundi kwenye mizinga mitupu maana harufu yake inabaki.

Ukishamtoa, ndani ya saa chache mzinga unajua. Harufu ya malkia inasambazwa mdomo kwa mdomo, kibarua kwa kibarua, ikikatika wanaanza kuzungukazunguka mlangoni, mvumo unabadilika unakuwa mrefu na mzito. Weka sikio ubavuni mwa mzinga utausikia.

JULAI, MWISHO: KILA MZINGA NA MAMBO YAKE

Mzinga wa mwembe ulikuwa mwepesi. Malkia wa zamani ametoka jioni, kesho yake jioni nikaweka kizimba katikati ya viunza viwili vyenye majana, mlango wa sukari umeinama juu kidogo ili kibarua akifia ndani asizibe njia. Siku kadhaa baadaye nikafungua kwa upole, kizimba kitupu, na nilipoinua kiunza kinachofuata nikaona tone la bluu linatembea taratibu na vibarua wamemgeukia wote vichwa, wamemtengenezea duara, wanamgusa kwa papasio. Nikafunga hapohapo bila kugusa kingine chochote.

Mzinga wa njiani niliupa njia ndefu. Kundi kali na kubwa likipoteza malkia halina haja na wa kwako, lina majana machanga ya kwake, linajitengenezea wake mwenyewe, na wakishaanza hiyo kazi kizimba chako ni adui. Kwa hiyo nilimtoa malkia nikawaacha. Siku ya 8 na siku ya 9 nikapitia sega moja baada ya jingine, kila sega nakung'uta nyuki kwanza ili hata pembeni kabisa paonekane, nikavunja vyumba vyote vya malkia walivyojenga. Hapo mayai ya mwisho ya mama yao yameshapita umri wa kugeuzwa malkia, maana jana likivuka siku 3 limeshakuwa kibarua tu, na sasa hawana kitu tena cha kutengenezea. Kundi lililofika hapo linapokea.

Hata hivyo niliangalia kwanza. Siku nilipoweka kizimba walikijia wakakishika kwa nguvu, wanang'ata wavu, mikia imekunjwa, nikipitisha unyoya wa kuku hawatoki wamenata. Hiyo ni chuki. Nikakizungushia utepe mlango wa sukari usifunguke, nikarudisha. Siku chache mbele hali nyingine, wanatembea juu ya wavu kawaida, unyoya unawasogeza kirahisi, wengine wanapitisha ndimi kumlisha na kuna waliokuwa wanapunga mbawa pembeni mikia juu. Ndipo nikatoa utepe. Kwa maoni yangu hii ya kuangalia wanavyokishika kizimba ina thamani kuliko kalenda yoyote, siku 3 au siku 5 ni makadirio, nyuki wenyewe ndio wanaosema.

Mzinga wa kisima una habari nyingine. Huu ulishapoteza malkia muda kabla sijaanza, na nilipoinua sega nikakuta mayai mawili matatu mpaka zaidi kwenye kitundu kimoja, mengine yamebandikwa ukutani sio chini. Malkia ana tumbo refu, yai lake linafika chini katikati, moja. Haya ni ya vibarua walioanza kutaga baada ya kukaa bila malkia wala majana, na kwa kuwa hawajapandana mayai yao yanatoa madume tu, utaona vifuniko vimevimba kwenye vitundu vya vibarua. Kundi la hivyo linaamini lina malkia tayari, ukiweka kizimba wanamuua karibu kila mara. Sikumpoteza malkia pale. Nililiunganisha kundi na kundi la mwembe likishatulia, katikati nikaweka gazeti lenye matundu machache ya msumari, likatafunwa vipande vikasukumwa nje mlangoni, mpaka linaisha harufu zao zimeshachanganyika hawana ugomvi.

Mzinga wa mkorosho mkubwa ndio ulionisikitisha. Malkia wao wa zamani sikumwona, mayai hayakuwepo, vyumba vya malkia havikuwepo, mvumo ulikuwa wa kundi yatima kabisa. Nikaweka kizimba. Siku ya kuangalia nikakuta sakafuni donge la vibarua wamebanana mno, wanatetemeka. Nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, ndiyo njia ya kulivunja, donge likaachia na tone la bluu likaonekana, lakini alikuwa ameshakufa. Wakimzingira hivyo joto la katikati linapanda kiasi hastahimili, na wengine wanachoma. Jioni ile nikiwa nimekaa karibu na mzinga nikasikia sauti nyembamba ya kupiga mluzi ikirudiarudia kutoka ndani, ndiyo sauti ya bikira anayetangaza kwamba yupo. Mama alikuwa jikoni, kama mzee alivyosema. Walishajibadilishia wenyewe kimyakimya kabla sijafika, na bikira asiyetaga bado hana dalili yoyote kwenye sega.

Malkia yule nilimlea tangu akiwa jana la ukingoni. Iliniuma sana.

Kuanzia hapo nimeweka utaratibu, mzinga ambao sijamwona malkia wa zamani kwa macho nauwekea kwanza kipande cha sega lenye mayai na majana machanga kutoka mzinga mwingine. Siku 3 au 4 baadaye naangalia, wakiwa wamejenga vyumba vya malkia hapo, hawana mama. Wakiwa wameyalea tu kama majana ya kawaida, mama yupo mahali humo, kizimba kinabaki mfukoni.

AGOSTI: KUKAA MBALI

Mwezi huu sikuandika sana maana kazi ilikuwa kutofungua. Mikorosho imeanza maua, miembe ilishatangulia, minazi inatoa mwaka mzima, chavua inaingia miguuni rangi ya njano na krimu, na ukiona chavua inaingia kwa wingi kwa kawaida kuna majana yanayolishwa ndani. Unaweza kujifunza mengi mlangoni bila kugusa mfuniko. Malkia mpya akiwa ndio kwanza ameanza kutaga kundi bado halijatulia naye, ukilivuruga hapo wanaweza kumgeukia yeye. Na hawa wa kwetu ukiwasumbua mara kwa mara wanaondoka naye kabisa, unabaki na mzinga na deni la mbao.

Niliruhusu ukaguzi mfupi wiki kama tatu baada ya kizimba kufunguka. Mwembe, mayai moja moja chini katikati ya kila kitundu, majana yamefunikwa sega zima bila mapengo mengi. Njiani vilevile. Niliinua kiunza kikielekea jua la jioni ili mayai yaonekane, vijiti vyeupe vidogo vimesimama, nikahesabu vitundu vya kona moja nikakosa hata kimoja kitupu.

SEPTEMBA: TABIA

Njiani bado wakali mwanzoni mwa mwezi. Hii ilitegemewa, vibarua wengi bado ni watoto wa yule mweusi. Kuna jirani alinipigia simu akasema mbona umesema wamebadilishwa, nikamweleza tusubiri wa zamani waishe, akaelewa, na nikapanda safu ya mihogo na kuweka ua wa makuti kando ya kinjia ili nyuki wakitoka wapande juu kwanza, wapite vichwani mwa watu badala ya usawa wa uso. Ua wa makuti peke yake ulisaidia kuliko nilivyotegemea, ningeshauri kila mwenye mizinga karibu na njia auweke hata kabla ya kugusa malkia.

Kuelekea mwisho wa mwezi tofauti ikaonekana. Nilifungua mwembe saa kumi na moja jioni, moshi mara chache tu, walipanda juu ya viunza wakaangalia, wachache wakagonga glavu. Njiani wanatoka bado, ila wanaishia kwenye mpaka wa shamba, hawafuati tena mpaka barabarani. Sio wapole kama wa Kimbiji na huenda hawatafika huko, malkia wangu walipandana na madume wa porini kwa hiyo nusu ya damu sijaichagua mimi. Kwa kizazi kijacho nataka kuongeza madume kutoka kundi la mama, nitaweka masega ya vitundu vikubwa kwenye mizinga yote mipole ya Kigamboni wazalishe madume mengi kabla bikira hawajaanza kuruka.

Mwalimu wa madrasa nilikutana naye njiani akasema watoto siku hizi wanapita bila kukimbia. Nilifurahi mno.

OKTOBA: ILIPOFIKIA

Mawingu ya vuli yameanza. Njiani na mwembe nimepunguza milango na kuinamisha mizinga kidogo mbele maji yasituame, asali ya mikorosho nimewavunia kiasi na nyingine nimewaachia.

Mkorosho mkubwa yule bikira wao amepandana na anataga vizuri tu, ila ni binti wa ukoo uleule mkali na tabia ni ileile. Nimemwona kwa macho safari hii, nimemtia alama, kwa hiyo kumpata sio kazi tena. Nikishamtoa nitawapitisha zile siku 9 kama wenzao wa njiani, ila badala ya kizimba nataka nijaribu chumba cha malkia kilichokomaa, kikiwa kimebakiza siku moja au mbili atoke. Vibarua wakikikataa chumba huwa wanakitoboa ubavuni, kwa hiyo nakizungushia foili pande zote na ncha ya chini naiacha wazi atokee hapo. Anayetoka humo ndani ya mzinga wao hana harufu ya kigeni kama aliyesafiri na daladala, na bikira wa saa chache wanampokea vizuri kuliko bikira wa siku nyingi. Hasara yake ni kwamba atapandana na madume wa Chanika, ambao wengi wao ndio haohao wakali. Bado napima, mvua zikikatika mapema kabla ya mwaka mpya nitafanya chumba, zikichelewa nitaleta malkia anayetaga kutoka Kimbiji maana bikira kwenye mvua za mfululizo anaweza kukaa bila kuruka mpaka akapitwa na umri.

Malkia wa akiba bado wako kwenye vimzinga, wanataga, nawalisha maji ya sukari jioni kwa kipimo cha kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, na oili kwenye makopo naibadilisha kila mvua ikinyesha.